Ibn Battuta: Mgeni wa Pwani Aliyelala Chomboni

Wazee wetu walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni mwa chombo, ambako baharia hana budi kurejea hata akizunguka vipi. Katika watu mashuhuri waliopita, simjui ambaye methali hii imemkaa barabara kama Abu Abdullah Muhammad bin Abdullah wa Tanja, nchi ya Moroko, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Ibn Battuta. Mtu huyu alitoka kwao kijana wa miaka 21, akaishi njiani karibu miaka 30 kwa jumla, mara juu ya ngamia, mara chomboni, na inakadiriwa kuwa mwendo wake wote ulifika kiasi cha kilometa 117,000. Sisi watu wa pwani tuna deni kwake, kwa sababu mnamo mwaka 1331 alipita kwetu, Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na habari alizotuachia ni miongoni mwa chache sana tulizo nazo za mgeni aliyeiona pwani yetu kwa macho yake katika zama hizo.

Mimi ninayeandika haya nakaa Rhonda, mtaa ulio magharibi ya mji wa Nakuru katika Bonde la Ufa, mwendo wa zaidi ya kilometa 600 kutoka Mombasa. Ziwa tulilo nalo huku ni la maji ya magadi, halina jahazi wala bandari. Vijana wa mtaani wanaposikia kuwa asili yangu ni pwani, huniuliza kama huyo Ibn Battuta wanayemsoma shuleni alifika huku bara. Jawabu ni fupi: hakufika. Lakini sababu ya kutofika kwake, na namna alivyoishi katika nchi alizofika, ni mambo yanayostahili kuelezwa kwa urefu, maana ndani yake mna funzo kwa watu wa pwani na wa bara pia.

Ibn Battuta alizaliwa Tanja mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi wa madhehebu ya Imamu Malik. Mwezi wa Juni mwaka 1325 aliwaaga wazazi wake wote wawili, wakiwa hai, akashika njia peke yake kwenda kuhiji. Hakuwa na msafara wala rafiki wa kufuatana naye, na mwenyewe ameeleza jinsi moyo wake ulivyokuwa mzito kwa kuwaacha. Alipofika Iskandaria akakutana na shekhe mcha Mungu aliyembashiria kuwa atafika India na Uchina, na atawakuta huko ndugu zake shekhe huyo. Kabla ya siku hiyo fikira ya kwenda mbali kiasi hicho haikuwa imemwingia. Tangu hapo haikumtoka.

Jambo la kuchekesha ni kuwa bahari ilimtisha mwanzo. Baada ya kukaa Makka akisoma, aliteremka Jeddah ili avuke Bahari ya Sham kwenda Yemeni. Sharifu mmoja akamkaribisha katika chombo chake, lakini Ibn Battuta alipoona kuwa ndani wamepakiwa ngamia akaogopa, kwa kuwa alikuwa hajapata kusafiri baharini, akakataa. Akapanda chombo kingine. Upepo ukawageukia, abiria wakashikwa na kichefuchefu, na chombo kikatupwa upande wa pili wa bahari, katika pwani ya Sudani. Hapo walikuta kibanda cha matete chenye sura ya msikiti, na ndani yake mna maganda mengi ya mayai ya mbuni yaliyojazwa maji, wakanywa na kupikia. Watu wa kabila la Beja wakawakodisha ngamia, wakakata jangwa kwa miguu ya wanyama mpaka Sawakini, na huko wakapanda chombo tena.

Hiyo ndiyo ikawa kawaida ya maisha yake. Chombo kikimfikisha pwani ya nchi, yeye hakutosheka na kuitazama kutoka sitahani. Alishuka akauliza nyumba ya kadhi, kisha akaingia ndani ya nchi. Alipofika Yemeni hakukaa bandarini: alipanda milimani hadi Taizi alikokuwa mfalme, akaenda Sanaa, ndipo akarudi kuteremka Adeni.

Kutoka Adeni alisafiri kwa msimu wa kaskazi, kama walivyofanya mababu zetu na mabaharia wa Arabuni miaka yote. Vyombo vya bahari hii vilimshangaza, kwa kuwa vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kugongomewa misumari. Alieleza kuwa chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kina ulaini na hustahimili. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi, maana mitepe ya kwao ilishonwa hivyo hivyo hata karne nyingi baadaye.

Siku nne zikamfikisha Zeila. Hapo ndipo tunapomwona Ibn Battuta akilipenda jahazi kuliko nchi kavu. Mji ulikuwa mkubwa wenye masoko, lakini ulinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona heri alale chomboni, ingawa bahari ilikuwa imechafuka, kuliko kulala mjini. Akalala akiyumbishwa na mawimbi usiku kucha.

Baada ya siku 15 wakatia nanga Mogadishu, na huko mambo yakawa kinyume kabisa. Desturi ya mji ilikuwa kwamba chombo kikiingia, vijana hukiendea kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kumtangaza kuwa ndiye mgeni wake, na mgeni huyo halali kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye humsimamia katika kuuza na kununua. Walipomwendea Ibn Battuta wakaambiwa na wenzake kuwa huyu si mfanyabiashara, bali ni mwanachuoni. Papo hapo habari zikapelekwa kwa kadhi, naye akateremka hadi ufuoni pamoja na wanafunzi wake kumpokea. Akamweleza kuwa ada ya mji ni mwanachuoni au sharifu kuonana na Sultani kwanza, kabla ya kupumzika.

Alikirimiwa tambuu na popoo, akapewa marashi ya Damascus, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, na kwa siku tatu akaletewa chakula mara tatu kwa siku. Na chakula chenyewe, ndugu msomaji, ukikisoma utadhani umealikwa arusini jana: wali wa samli katika sinia kubwa la mti, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na pembeni achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Karibu miaka 700 imepita, na mapishi hayo bado hayajatoka majikoni mwetu.

Kutoka hapo akaja Mombasa. Alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake hayakulala. Alituambia kuwa ni kisiwa kikubwa kisicho na milki yoyote upande wa bara. Miti yake ilikuwa migomba, milimau na mibalungi, na tunda aliloliita jammun, lifananalo na zeituni lakini tamu sana. Jina hilo ndilo Wahindi waitalo zambarau. Watu hawakulima nafaka, wakala ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka nchi ya Sawahili. Wenyeji walikuwa wa madhehebu ya Imamu Shafi, wacha Mungu, wenye haya na mwenendo mwema.

Kilichomvutia zaidi ni misikiti. Ilijengwa kwa mbao, imara kabisa, na penye kila mlango palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Sakafu ya kuzunguka kisima na msikiti ilisawazishwa vizuri, kwa sababu watu walitembea pekupeku, na aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaisugua katika kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni. Aliyepata kuingia msikiti wa kale wa pwani yetu, akapita penye birika lake, ataona kuwa msafiri huyu hakusema uwongo.

Mwisho wa safari yake ya kusini ulikuwa Kilwa, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu'l-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana. Ibn Battuta aliusifu mji kuwa ni katika miji mizuri kuliko yote na iliyojengwa vyema, akasema pia kuwa nyumba zake ni za mbao. Hapa wachimbaji wa mambo ya kale wana neno, kwa sababu Msikiti Mkuu wa Kilwa na kasri ya Husuni Kubwa ni majengo ya mawe, na kasri hiyo inanasibishwa na Sultani huyo huyo. Yawezekana kumbukumbu zilimchanganya, au mwandishi aliyenakili alikosea. Mtu anayekaa mahali siku chache hana budi kuacha mapengo.

Juu ya Sultani ametupa kisa kizuri. Fakiri mmoja wa Yemeni alimkuta njiani akitoka katika sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi katika nyumba ya khatibu iliyo msikitini, akabadili nguo, akampa zile za kwanza. Watu wakamshukuru mno. Mtoto wa Sultani akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa watumwa kumi, na Sultani alipopata habari akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Lakini alipofariki, ndugu yake Daudi akatawala, naye alikuwa kinyume chake: mwenye kuomba alijibiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa wala hakubakisha kitu.

Hadithi hii husimuliwa kwa kusifu ukarimu, na kweli ukarimu umo. Lakini mimi nikiisoma nikiwa Rhonda naona jambo jingine vile vile. Pembe zile zilitoka wapi? Na watumwa wale ishirini walikuwa watoto wa nani? Ibn Battuta mwenyewe ameandika kuwa watu wa Kilwa walikuwa na vita vya mara kwa mara na watu wa bara, na kuwa dhahabu ililetwa Sofala kutoka nchi iitwayo Yufi, mwendo wa mwezi mzima. Yaani neema aliyoiona pwani ilikuwa na mizizi bara, hata chakula cha Mombasa kilivushwa maji kuja kisiwani. Naye, aliyezoea kuingia kila nchi, hapa kwetu hakuingia. Msimu wa kusi ulikuwa umefika, jahazi likatweka tanga kwenda Dhofari, naye akaondoka nalo. Bara akaijua kwa kusimuliwa na wenyeji wake wa pwani, na waliosimulia walikuwa wenye vita nayo.

Kwa sababu hiyo watu wengi wamesoma ukimya wake wakadhani huku hapakuwa na kitu. Hilo si kweli. Upande wa pili wa mji huu wa Nakuru kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba miaka ya 1937 na 1938. Pana makaburi na makao ya watu wa kale sana, na pana mashimo ya mazizi ya wafugaji ambao wataalamu huwaita Wasirikwa, waliokaa katika nyanda hizi tangu kiasi cha karne ya 13 hadi ya 18. Basi usiku ule Ibn Battuta alipolala Mombasa, katika nyanda hizi za Bonde la Ufa watu walikuwa wakikama ng'ombe wao na kuwatia zizini. Hawakuwa na kitabu, wala hakuna mgeni mwenye kalamu aliyewafikia.

Watu wa pwani walikuja kufika huku baadaye sana na misafara ya pembe. Mwaka 1883 msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, ulifuatana na Joseph Thomson kupita nchi ya Wamasai hadi Naivasha. Kisha ikaja reli kutoka Mombasa, na wengi wetu tulio na asili ya pwani katika miji ya huku ni wajukuu wa waliokuja nayo au walioifuata.

Turejee kwa mwenyewe. Baada ya pwani yetu, Ibn Battuta alihiji tena, akazunguka Uturuki na nchi za Watatari, akafika mto wa Sindi mwaka 1333. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, akamfanya kadhi. Mwaka 1341 akatumwa kuwa balozi kwenda Uchina, na mwaka uliofuata akawa Calicut, bandari ambayo vyombo vya Kichina vilikuwa vikingojea msimu.

Hapo aliona maisha ya chomboni ambayo hajapata kuyaona. Merikebu zile zilikuwa na sitaha nne na vyumba vya kufungwa kwa ufunguo. Mtu aliweza kukaa chumbani na jamaa zake safari nzima, wenzake wasijue kuwa yumo mpaka wakutane bandarini. Mabaharia walikaa na watoto wao, wakapanda mboga na tangawizi katika madebe ya mbao. Ilikuwa kama kijiji kinachoelea.

Ibn Battuta alipakiza mali yake yote na watumwa wake katika chombo kidogo cha msafara huo, akiwamo mjakazi aliyekuwa na mimba yake. Yeye akabaki mjini ili asali Ijumaa. Bahari ikachafuka. Merikebu kubwa ikatupwa pwani ikavunjika, watu wakafa. Mabaharia wa kile chombo kidogo walipoona hayo wakatweka tanga wakaenda zao. Akabaki ufuoni na dinari kumi na busati alilokuwa akilalia. Baadaye habari zikamfikia kuwa yule mjakazi amekufa.

Hata hivyo hakuacha desturi yake. Alifanywa kadhi katika visiwa vya Maldivi, akaoa huko. Alipofika Sri Lanka, mfalme alimwuliza haja yake, naye hakuomba lulu, aliomba ruhusa ya kupanda mlima wenye alama inayosemwa kuwa ni unyayo wa Nabii Adamu. Akauacha ufuo, akapita misitu, akakwea kwa minyororo mpaka kileleni, kisha akarudi chomboni. Akafika Bengala, Sumatra na Uchina.

Lakini safari ina bei yake. Huko Maldivi alizaliwa mtoto wake wa kiume baada ya yeye kuondoka. Aliporejea kumtazama, mtoto ana miaka miwili. Akaona ni heri abaki na mama yake, akakaa siku chache tu, akaenda. Mwaka 1348 akafika Damascus, alikomwacha mke mwenye mimba zaidi ya miaka 20 nyuma. Akaambiwa kuwa mtoto aliyezaliwa alikuwa wa kiume, na amekufa miaka 12 iliyopita. Hapo hapo akapata habari kuwa baba yake naye alikufa miaka 15 nyuma, ila mama yu hai. Mwaka ule ndio wa tauni kubwa, watu wakifa kila mji aliopita. Akafanya safari ya kurudi kwao. Mwaka 1349, akiwa amekaribia, akapata habari kuwa tauni imemchukua mama yake. Akaenda Tanja kuzuru kaburi.

Wengi wa pwani wana mwana Ughaibuni, Arabuni au Ulaya, na wengine tuliondoka tukazikiwa wazee wetu tusiwepo. Nadhani sisi twaweza kulisoma jambo hili bila ya kuhitaji tafsiri.

Baadaye alikwenda Andalusi, kisha akakata Sahara hadi Mali, na mwaka 1355 akamaliza kumsimulia Ibn Juzayy, karani wa Sultani Abu Inan wa Fez, yote aliyoyakumbuka. Hicho ndicho kitabu kiitwacho Rihla. Wako waliomkadhibisha wakati ule ule, kama alivyoandika Ibn Khaldun, na wataalamu wameonyesha kuwa baadhi ya sifa za miji zimenakiliwa kutoka vitabu vya waliomtangulia. Lakini vile visima vya milangoni mwa misikiti ya Mombasa na zile achari za Mogadishu hazikutoka katika kitabu cha mtu. Hayo yameonwa.

Alimaliza umri wake akiwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafariki kati ya mwaka 1368 na 1377. Mwenda tezi na omo akarejea ngamani, kazi ile ile ya ukoo wake.

Siku hizi Mombasa hufika meli kubwa za watalii, zenye vyumba vya kulala na masoko ndani yake, na wengi wao hushuka asubuhi wakarudi jioni. Hapana ubaya. Lakini Ibn Battuta ametuonyesha kuwa chombo humfikisha mtu mlangoni tu. Yaliyobaki katika kitabu chake aliyapata alipopokea sahani ya mwenyeji na kuketi naye. Na pale alipoishia mlangoni, yaani bara yetu hii, kazi ya kuingia ametuachia sisi: tusome habari za watu wa huku kutoka vinywani mwao, nao wasome zetu kutoka kwetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wazazi wake ambao hakuwahi kuwazika.